Wajibu wa biashara ndogo kwa jamii, Kigoma: anza na mizani, msaada ufuate

Ukitaja "kurudisha kwa jamii", wengi mjini Kigoma huona mbele yao hundi kubwa ya karatasi, madawati mapya yamepangwa mstari, na mgeni rasmi akisubiri kupigwa picha. Mwenye kibanda cha dagaa Kibirizi, au mwenye mashine ya kukamua mawese Mwandiga, anajitoa mapema: hayo ni ya wenye mtaji. Kwa kweli biashara ndogo inamgusa jirani kwa siku moja mara nyingi kuliko kampuni kubwa inavyomgusa kwa mwaka. Inampimia mzigo, inamwajiri mwanawe, inamkopa, na maji yake machafu yanapita upenuni kwake. Wajibu wa biashara kwa jamii unaanzia hapo, na sehemu kubwa yake inataka utaratibu kuliko fedha.

Ndiyo maana mwongozo huu unaweka msaada mwishoni. Anayepunja vipimo mwaka mzima kisha akapeleka mchele kwa yatima mwezi wa Ramadhani amerudisha sehemu ya alichochukua, tena amewarudishia watu wengine.

Siku moja na daftari

Tenga siku moja ya kazi, si siku ya mapumziko. Chukua daftari, chora safu nne: nani anaguswa, tunachukua nini kwake, tunaacha nini kwake, na nini kirekebishwe. Tangu unafungua hadi unafunga, andika kila anayeguswa na biashara yako: mbeba mizigo, msichana anayeosha vyombo, mkulima aliyeleta chikichi, jirani wa ukuta mmoja, mtoto anayepita mtaroni, mteja anayenunua kwa robo. Usiandike unavyodhani, simama uangalie. Maji ya kuoshea yanaishia wapi? Nani alisubiri malipo hadi jioni? Nani alishindwa kupanda ngazi za baraza?

Mwisho wa siku utakuwa na mistari 10 au 20. Weka alama kwenye ile inayoumiza mtu sasa hivi, kisha kwenye ile isiyogharimu kitu. Hizo mbili ndizo kazi ya mwezi wa kwanza. Wanaokwama wengi hukwama kwa sababu walitaka kurekebisha yote kwa mkupuo, wiki ya pili wakachoka.

Vipimo

Mizani ya dagaa inaharibika haraka kuliko mizani ya sukari. Chumvi na maji ya samaki hula springi, na magamba yakigandamana chini ya sahani huongeza uzito ambao mteja anaulipia. Ioshwe kila jioni, ikaushwe, na asubuhi isome sifuri kabla ya mteja wa kwanza. Kuwa na jiwe la kilo 1 lenye muhuri wa Wakala wa Vipimo, ulipime kila asubuhi mara mbili, katikati ya sahani na ukingoni. Namba zikitofautiana, mizani ipelekwe kwa fundi, na ikitoka kwa fundi irudi kwa Wakala kupigwa muhuri upya. Ukaguzi wa kawaida ni mara moja kwa mwaka. Igeuze mizani uso wake umwelekee mteja, hata kama itakulazimu kuinama wewe.

Upande wa mawese, tatizo ni dumu. Mafuta yakitiwa yangali ya moto, kuta za plastiki hulegea na kutuna. Dumu likitumika hivyo mara kadhaa, lililoandikwa lita 20 hubeba zaidi ya hapo. Mkulima anayeuza kwa dumu hilo anapunjwa kila safari hata pale ambapo hakuna aliyekusudia. Na wapo wanaokusudia: wanalitanua dumu la kununulia kwa maji ya moto, na la kuuzia wanalibonyeza tumbo. Dawa ni hii. Pima lita 20 za maji kwa chombo unachokiamini, zitie kwenye dumu, na pale maji yalipofika piga mstari wa rangi ya mafuta. Dumu hilo ndilo la kupimia, halitoki kwenye biashara yako. Mengine yote hujazwa kutoka kwake. Mafuta yapoe kwanza kiasi cha mkono kuvumilia kushika dumu kwa nje. Ukitaka kuhakiki kwa mizani, lita 20 za maji zina kilo 20, lakini lita 20 za mawese zina kilo 18 hivi, kwa kuwa mafuta ni mepesi. Anayelipa kwa kilo na anayelipa kwa lita wasichanganyiwe hesabu.

Bei iandikwe ubaoni, ya kununulia na ya kuuzia. Mkulima aliyetembea kutoka kijijini akiikuta bei imeandikwa, ana nguvu ya kukubali au kukataa. Asipoikuta, atauza kwa bei ya uchovu wake.

Watu wanaokufanyia kazi

Hapa sheria imeshaandika mengi, na kuitekeleza ndio uwajibikaji wenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Zikizidi, kila saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo, likizo ya uzazi siku 84. Mtoto chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa, na kazi ya hatari haifanywi na aliye chini ya miaka 18. Kubeba mikungu ya michikichi, kusimama karibu na pipa linalochemka na kulisha mashine inayozunguka ni kazi ya hatari, hata kama mtoto mwenyewe ndiye aliyeomba kibarua na hata kama ni mtoto wa shangazi.

Kwa kila shilingi 100,000 ya mshahara, NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua 20,000, na unaruhusiwa kumkata mfanyakazi isiyozidi nusu yake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unachukua asilimia 0.5 ya mshahara, yaani shilingi 500, na hii yote ni ya mwajiri, usimkate mtu. Shilingi 500 hiyo ndiyo itakayosimama siku mkanda wa mashine ukikamata kidole. Wengi huiacha wakisema wafanyakazi wao ni vibarua, kisha ajali ikitokea wanauza kiwanja kulipa hospitali, au mbaya zaidi, wanamwacha aliyeumia arudi kijijini na mkono wake. Kima cha chini cha mshahara hutofautiana kwa sekta na hubadilishwa kwa amri ya serikali, kwa hiyo ulizia ofisi ya kazi ya mkoa kabla hujapanga.

Mkataba usiandikwe kwa lugha ya mahakama. Karatasi moja inatosha: jina, kazi, saa, mshahara, tarehe ya kulipwa, siku ya mapumziko, sahihi mbili, nakala mbili. Tarehe ya kulipwa ndiyo inayovunjwa zaidi. Mwezi ukiwa mgumu, mwambie mtu wiki moja kabla, tena kwa kiasi kamili: "tarehe 30 utapata nusu, tarehe 7 utapata iliyobaki." Kulipa kwa mafungu bila kusema ndiko kunakomfundisha mtu mwaminifu kujilipa mwenyewe kutoka kwenye droo.

Mashine ya mawese ifunikwe mkanda na gurudumu kwa bati au waya wa nondo nyembamba, maana khanga hukamatwa kwa ncha, si kwa kitambaa kizima. Mtu akiungua na mafuta ya moto, pamwagiwe maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha pafunikwe kwa kitambaa safi na apelekwe zahanati. Dawa ya meno, unga na mafuta mengine havipakwi. Hufungia joto ndani ya ngozi na kumpa mganga kazi ya kuvikwangua. Ndoo ya maji safi yenye bomba iwekwe pale pale kwenye mapipa. Ikiwa uani, itakuwa tupu siku inapotakiwa.

Ziwa likifungwa

Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Mwenye mtumbwi ana nyavu za kuuza au shamba la kurudia. Mama anayeanika dagaa Katonga na kijana anayepakua mzigo wanategemea ujira wa siku hiyo hiyo. Biashara yoyote inayokula kutoka ziwani inawajibika kupanga miezi mitatu hiyo pamoja nao, maana tarehe hutangazwa mapema.

Chukua mfano wa mnunuzi mwenye vibarua watano wa kudumu. Akitenga shilingi 3,000 kila siku ya kazi, siku 26 kwa mwezi, anapata 78,000. Kuanzia katikati ya Agosti hadi katikati ya Mei ni miezi 9, kwa hiyo mfuko unafika 702,000. Ukigawa kwa miezi mitatu ni 234,000 kwa mwezi, na kila mmoja anapata 46,800. Haifiki mshahara, lakini inatosha kumzuia mtu asiuze sufuria na asikope kwa riba ya kunyonga. Ukiweza kuwashawishi vibarua nao waweke 300 kila siku, mfuko unaongezeka kwa nusu: 1,500 kwa siku kutoka kwa watu watano. Fedha zikae kwenye akaunti ya kikundi yenye sahihi tatu, mbili za vibarua na moja yako. Mfuko ukikaa kwenye simu ya tajiri peke yake utaliwa mwezi wa Desemba, na hata usipoliwa hakuna atakayeamini kwamba upo.

Wajibu wa pili ni kutonunua. Samaki akiletwa usiku wakati ziwa limefungwa, au dagaa wachanga waliovuliwa kwa wavu wa macho madogo usioruhusiwa, mnunuzi ndiye anayeamua kama safari ile ililipa. Bila mnunuzi hakuna mvuvi wa magendo.

Maji machafu ya mawese

Hapa tukae, kwa sababu ndipo biashara ndogo za Kigoma zinapoumiza watu wengi bila kujua.

Maji yanayobaki baada ya kuchemsha na kukamua chikichi yana rangi ya kahawia, yamejaa tope, nyuzi laini na mafuta kidogo. Hayana sumu ya dukani, na kwa sababu hiyo watu huyadharau na kuyaelekeza korongoni. Yakifika kijitoni, vijidudu vinavyoozesha tope hilo hutumia hewa iliyomo ndani ya maji, na samaki na vyura hukosa pumzi. Juu yake utando wa mafuta unazuia hewa mpya isiingie. Wanaoteka maji chini ya korongo hupata harufu ya uchachu, ngozi huwasha, na ngazi za kutekea huteleza.

Kiasi chake kinapimika. Kwa kawaida ya viwanda vya mawese, tani moja ya mafuta huacha maji machafu ya mita za ujazo 2.5 hadi 3 au zaidi. Mashine ndogo inayotoa madumu 10 kwa siku imetoa lita 200, sawa na kilo 180 hivi, na itaacha kama lita 500 za maji hayo. Usitegemee hesabu hii peke yake: kwa siku tatu hesabu ndoo zinazomwagwa, maana mashine zinazotumia maji mengi ya kuoshea huacha zaidi.

Kwa lita 500 kwa siku, chimba mashimo matatu yanayofuatana kuteremka, kila moja urefu wa mita 2, upana mita 1.5, kina mita 1. Ukiacha wazi sentimita 20 za juu, kila shimo linabeba mita za ujazo 2.4, yaani siku 5 hivi za kazi, hivyo maji hukaa siku 14 hivi kabla hayajatoka la mwisho. Shimo la kwanza linapokea maji ya moto na tope. Bomba la kwenda la pili liwe la inchi 4, lianzie chini ya uso wa maji kwa sentimita 30, kwa kuunga kiwiko kinachoelekea chini. Bila kiwiko hicho mafuta yanayoelea hupita nayo na mashimo yote yanakuwa sawa. Mafuta yanayobaki juu ya shimo la kwanza yachotwe kila asubuhi yakiwa yamepoa. Watengeneza sabuni huyanunua, na mara nyingi hicho ndicho kinacholipa gharama ya kuchimba. Shimo la pili ni la kutuliza tope. La tatu ndilo unaloteka kumwagilia michikichi na migomba, kiasi kwa kiasi, si kwa kumwaga sehemu moja mpaka mizizi ioze.

Mahali pa kuchimba hapachaguliwi kwa urahisi wa jembe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Kisima cha jirani nacho kikae mbali, angalau mita 30, tena kisiwe upande wa chini wa mteremko. Ukichimba ukakuta udongo umelowa kabla ya kufika mita moja, hama. Maji ya ardhini yako karibu.

Kinachoharibu mashimo haya ni mvua. Kigoma mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na shimo lisilokingwa hufurika siku moja na kumwaga kila ulichokusanya. Chimba mtaro upande wa juu, kina sentimita 40, uzungushe maji ya mvua pembeni. Acha nafasi ya sentimita 20 juu ya maji wakati wote. Harufu kali ikianza, nyunyiza majivu ya tanuru lako, yanapunguza uchachu. Zungushia uzio wa miti iliyosongamana, si kamba. Utando wa tope ukikauka juu unaonekana kama ardhi ngumu, na mtoto anaukanyaga.

Tope litolewe kila shimo la kwanza linapofika nusu. Usilitupe. Katakata mikungu mitupu kwa panga, tandaza tabaka la sentimita 30, mwaga tope juu yake, endelea mpaka lundo lifike mita 1.2. Ligeuze kila baada ya wiki mbili, na likikauka lilowanishe. Baada ya miezi mitatu hadi minne linakuwa jeusi, limepoa, linavunjika mkononi. Hiyo ni mbolea, na mkulima aliyekuletea chikichi ana haki ya kwanza ya kuichukua bure. Shamba lake ndilo lililotoa kilichomo humo.

Taka nyingine, kwa ufupi

Mama lishe: maji ya vyombo yachujwe kwa kitambaa cha wavu kabla ya kumwagwa, mabaki ya chakula yaende kwa mfuga kuku au nguruwe kwa ndoo yenye mfuniko, ichukuliwe siku hiyo hiyo. Ndoo ikilala, kesho nzi watakuwa mezani kwa wateja.

Gereji: gari dogo moja likibadilishwa oili hutoa lita 4 hivi. Magari matano kwa wiki yanajaza dumu la lita 20. Dumu hilo liwe na jina lake, lisiwahi kutumika tena kwa mafuta ya kula au maji, na likae juu ya karai ili linachovuja kionekane. Wapo wanaonunua oili chafu. Uza kwa aliyeruhusiwa kuikusanya. Kuipaka kwenye mbao za uzio au kuimwaga kupunguza vumbi la barabara ni kuipeleka ziwani kwa njia ndefu.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na bado dagaa hufungwa kwenye vifuko vyembamba visivyo na mshono. Weka bei ndogo kwa anayekuja na kikapu chake. Magazeti yasitumike kufungia samaki wenye mafuta, wino huingia.

Mlango wako

Maduka mengi ya Mwanga na Ujiji yameinuliwa juu ya mtaro, na mtaro umefunikwa kwa ubao mmoja unaocheza. Mzee mwenye mkongojo, mama mwenye mtoto mgongoni na mtu wa kiti cha magurudumu wote wanaagiza kwa kupaza sauti kutoka barabarani. Kipimo cha mteremko ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi ya sentimita 15 inahitaji mteremko wa mita 1.8. Kwa upana wa mita 1, zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) la kazi hiyo linatumia mfuko mmoja wa saruji. Uso usisakafiwe ukateleza. Pitisha ufagio mgumu kabla zege halijashika, na limwagilie maji siku 7. Kosa linalorudiwa ni kujenga mteremko mfupi kwa sababu nafasi haitoshi. Mteremko mkali ni wa hatari kuliko ngazi. Nafasi ikiwa haba, ujenge sambamba na ukuta, au weka kengele chini na umtume mtu nje kuhudumia. Na kabla ya kujenga juu ya mtaro wa manispaa, muone mtendaji wa mtaa, kwa sababu mtaro ukizibwa nyumba za chini zitaingia maji.

Sasa, msaada

Kwanza kokotoa faida halisi: mauzo, toa mzigo, mishahara, pango, umeme, ushuru, kodi, na mshahara wako mwenyewe. Wengi hutoa kutoka kwenye mauzo, wakadhani wamekuwa wakarimu, kumbe wametoa mtaji. Asilimia 2 ya faida ni mwanzo unaobebeka. Faida ya 400,000 kwa mwezi inatoa 8,000, na kwa mwaka 96,000. Iandike kwenye daftari la biashara kama gharama nyingine yoyote. Mali bila daftari hupotea bila habari, na msaada nao ni hivyo hivyo.

Zaka na fungu la kumi visichanganywe humo. Zaka ni ibada ya mtu binafsi, ina hesabu yake na ina makundi manane ya wanaostahili yaliyotajwa kwenye Kurani. Ukiitumia kupaka rangi ukuta wa shule kisha ukaandika jina la duka, umekosa kote kuwili.

Chagua jambo moja kwa mwaka mzima, lililo karibu na unachokijua. Muuza mbao atengeneze madawati yaliyovunjika: kila shule ina rundo lake nyuma ya darasa, na dawati lililolegea miguu linahitaji skrubu, gundi ya mbao na nusu siku ya fundi. Fundi cherehani ashone taulo za kike za kufua, tabaka za pamba na kitambaa kisichopitisha maji chini, na kila msichana apewe angalau nne, kwa sababu moja ikiwa imevaliwa, nyingine zinakauka. Mwenye saluni au gereji afundishe vijana wawili kwa mwaka, kwa makubaliano ya maandishi yanayosema watajifunza nini kila mwezi. Mwanagenzi anayefagia miezi sita hajafundishwa. Asiye na fedha kabisa aandae siku ya kuchangia damu pamoja na hospitali: mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito wa kilo 50 au zaidi, mwanaume kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Kinachotakiwa kwako ni kivuli, viti, juisi na siku isiyo ya gulio.

Kabla ya kutoa, ulizia watu watatu kwa nyakati tofauti: mwalimu mkuu au mganga mfawidhi, mtendaji wa mtaa, na mmoja wa wale watakaokitumia. Majibu yakipishana, msikilize wa mwisho. Madumu ya kunawia mikono hupelekwa shuleni kwa wingi, kisha hukaa stoo kwa sababu hakuna aliyeuliza nani atayajaza maji kila asubuhi.

Toa kitu au kazi, si fedha taslimu, na chukua stakabadhi yenye muhuri. Rudi baada ya miezi mitatu bila kutangaza, ukaangalie kama kinatumika. Picha ya mtoto isipigwe usoni bila ridhaa ya mzazi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, mtoto aliyepigwa picha akipokea viatu ataitwa kwa picha hiyo darasani miaka yote.

Kuhusu kodi: Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaruhusu anayetengeneza hesabu kupunguza michango ya hisani na ya miradi ya maendeleo ya jamii, isiyozidi asilimia 2 ya mapato yake ya biashara yanayotozwa kodi. Lakini mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka anayelipa kwa makadirio ya mauzo hapati punguzo hilo, kwa kuwa kodi yake haihesabiwi kutoka kwenye faida. Usitoe ukitegemea litakurudia kwa njia hiyo.

Mkiwa kumi

Duka moja lenye 8,000 linatengeneza madawati machache. Maduka kumi ya mtaa mmoja yana 80,000 kwa mwezi, na hapo mnaweza kuzungumza na manispaa kuhusu taa, kizimba cha taka au mtaro. Anzeni na Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, kwa sababu wote mpo na maduka yamefungwa. Chagueni mweka hazina asiye mwenye duka kubwa kuliko wengine. Sanduku liwe na kufuli mbili na funguo kwa watu wawili, hesabu isomwe kwa sauti kila mwezi na kubandikwa. Anayekosa mchango mwezi mmoja asitozwe faini. Faini huwafukuza wale wale wadogo mliotaka wawemo. Na mwenye saluni mwenye kiti kimoja ana kura moja sawa na mwenye duka la jumla.

Bandika pia ukutani kwako karatasi ya mwaka: tuliahidi nini, tumefanya nini, nini hatujafanya na kwa sababu gani. Sehemu hiyo ya tatu ndiyo wateja wanayoisoma.

Na kama biashara imeyumba huwezi kuendelea, sema mapema. Kwa shule, muhula mmoja kabla. Kwa mwanagenzi, mtafutie fundi mwingine kwanza, umpeleke mwenyewe na barua yake ya alichojifunza. Kwa mfuko wa vibarua, gawa kilichomo siku hiyo hiyo mbele ya wote, kila mmoja aweke sahihi, kisha funga akaunti. Mashimo ya mawese yakiachwa, yafukiwe kwa udongo mkavu mpaka juu yashindiliwe, siyo kuwekewa matawi, kabla hujaondoa hata boliti moja ya mashine.